SHAURI LA JUMA HILI: Kijana Anunue Bunduki Gani ya Kuwindia Ayala?

Juma hili twajibu barua ya mzee mmoja, mkulima wa kahawa wa upande wa Nyeri. Mwanawe yuko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, ambako afanya kazi ya ukarani katika ghala moja, naye amekwisha kupata kibali cha kukaa huko daima. Wenzake wa kazini wamemkaribisha kwenda kuwinda pamoja nao majira ya baridi yatakapoingia. Basi kijana amemwandikia baba yake kwamba ataka kununua bunduki kubwa yenye nguvu nyingi, pamoja na darubini ya kuonea mbali sana, na gharama yake yote yapita dola 2,500. Mzee atuuliza mambo mawili. La kwanza, je, fedha nyingi namna hii zatumika kwa jambo la maana? La pili, kwa nini mtu mwenye akili aende msituni na bunduki, hali kwetu kuwinda wanyama kumekatazwa?

Maswali haya ni mema, nami nina sababu ya kuyajibu kwa urefu. Nilipata kukaa Pennsylvania miaka kadhaa, na bunduki ya kwanza niliyoinunua huko ilikuwa ya namna ile ile aitakayo kijana huyu. Nilijuta. Nitaeleza habari hiyo mahali pake, ili mwingine asilipie somo ambalo mimi nimekwisha kulilipia.

KWA NINI HUKO WAWINDA

Tuanze na swali la pili. Ni kweli kwamba katika Kenya kuwinda kwa ajili ya mchezo kulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na sheria ya wanyama wa porini ya mwaka wa 2013 ina adhabu kali. Kwa hiyo maneno ya ukurasa huu yasichukuliwe na mtu ye yote kuwa ni ruhusa ya kwenda kumvizia swala nyumbani kwetu. Kila nchi ina wanyama wake, na ina hesabu yake.

Mnyama awindwaye Pennsylvania ni ayala, ambaye jina lake twalijua tangu utoto kwa kusoma Zaburi. Huyu wa huko ni ayala wa mkia mweupe. Dume huota pembe zenye matawi, na kila mwaka pembe hizo huanguka zikaota nyingine, tofauti na pembe za swala wetu ambazo hazianguki. Zamani watu wa jimbo hilo waliwaua ayala ovyo hata wakakaribia kwisha. Serikali ya jimbo ikaunda Tume ya Wanyama wa Porini mwaka wa 1895, na kuanzia mwaka wa 1906 ikaleta ayala kutoka majimbo mengine na kuwaachilia msituni. Wakaongezeka sana. Mbwa-mwitu waliokuwa wakiwala walikuwa wamekwisha kutoweka, na leo ayala huharibu mashamba ya mahindi, hula miche ya miti, na hugongwa na magari kila siku barabarani. Hivyo serikali huweka majira ya kuwinda, hutoa leseni kwa hesabu, na fedha za leseni hizo hutumika kuwatunza wanyama na misitu. Mkulima wa mahindi wa huko humpokea mwindaji mwenye adabu kama vile sisi tumpokeavyo mtu aliyekuja kufukuza nyani.

Tena nyama yake ni chakula. Ayala wa kadiri huweza kumpa mtu ratili 40 au 50 za nyama safi, na wengi huzigawa kwa jirani na maskini. Basi mzee asiogope kwamba mwanawe amepotewa na akili. Jambo la kuogopa ni kwamba aweza kuanza kwa njia mbaya.

KWANZA SHERIA, KISHA DUKA

Kabla ya kijana kuingia dukani, na aijue sheria, kwa maana mgeni akikosea katika habari ya bunduki hapotezi fedha tu, bali aweza kupoteza makao yake. Mtu mwenye kibali cha kukaa daima, ile iitwayo kadi ya kijani, aruhusiwa kununua bunduki. Lakini mwanafunzi, au mtu mwingine aliye huko kwa viza ya muda, kwa kawaida amekatazwa hata kuwa nayo mkononi, isipokuwa awe katika wale wachache waliotolewa na sheria, kama vile mwenye leseni halali ya kuwinda. Aliye katika hali hiyo asibahatishe, bali amwulize mwanasheria kwanza.

Dukani atapewa fomu ya serikali yenye nambari 4473, na habari zake zitatazamwa katika orodha ya serikali kabla ya kukabidhiwa bunduki. Hapo yampasa aangalie mambo mawili. Asijiandike kuwa raia wa Marekani hali siye, maana uongo huo waweza kumfungia mlango wa nchi hiyo maisha yake yote. Wala asimnunulie mwenzake aliyekatazwa, wala asikubali kununuliwa na mwenzake kwa jina la kukopa. Hilo ni kosa la jinai, hata kama nia yao ilikuwa njema.

Kisha ajiandikishe katika mafunzo ya wawindaji. Pennsylvania haimpi mtu leseni yake ya kwanza mpaka awe amehudhuria mafunzo hayo na kufaulu. Humo atafundishwa pia sheria za jimbo, kama hii ya kuvaa nguo ya rangi ya machungwa iwakayo, yenye eneo la inchi za mraba zisizopungua 250 kichwani, kifuani na mgongoni, ili wawindaji wenzake wamwone kutoka kila upande. Ayala haoni rangi hiyo kama tuionavyo sisi, bali mtu huiona mara moja.

BUNDUKI YA BOLTI

Sasa tuje kwenye bunduki yenyewe. Kwa mwindaji anayeanza, twashauri bunduki ya bolti, yaani ile ambayo mwenyewe hufungua mlango wake kwa mkono kila baada ya kupiga. Huinua mkono wa bolti, huuvuta nyuma, ganda tupu huruka nje, kisha huusukuma mbele na kuushusha, na risasi nyingine huwa imeingia mahali pake.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wale waliokwenda Burma mwaka wa 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki walibeba Lee-Enfield ya .303, nayo ilikuwa bunduki ya bolti. Bunduki nyingi za kuwindia za leo zimefuata zaidi mfano wa Mauser wa mwaka wa 1898, lakini kazi ni ile ile.

Uzuri wake ni wa namna tatu. Vyombo vyake ni vichache na vyenye nguvu, hivyo haiharibiki upesi kwa mvua na matope. Hupiga sawasawa, kwa maana bolti huifunga risasi imara mahali pamoja kila mara. Tena ni ya usalama, kwa kuwa ukiifungua bolti kila mtu aliye karibu aona kwamba bunduki haiwezi kulia. Juu ya hayo, sheria ya Pennsylvania hairuhusu kumwinda ayala kwa bunduki ya risasi inayojijaza yenyewe.

Leo viwanda vya Marekani vyatengeneza bunduki nyepesi za bolti kwa bei ya mtu wa kawaida. Zipo Ruger American, Savage Axis na nyinginezo, ambazo huuzwa kati ya dola 400 na 700, pengine chini ya hapo. Kitako chake ni cha plastiki badala ya mti wa mjozi, wala hazina nakshi. Lakini nyingi katika hizo hupiga risasi tatu ndani ya duara la inchi moja na nusu kwa umbali wa yadi 100. Mahali pa kumpiga ayala, yaani penye moyo na mapafu, pana upana wa inchi 8 hivi. Basi bunduki ya bei rahisi tayari ni sawasawa kuliko mkono wa mwanafunzi, na nakshi haimsaidii ye yote kulenga.

KOSA LANGU MWENYEWE

Jambo linalowapoteza vijana wengi ni ukubwa wa risasi. Mimi nilipoingia dukani mara ya kwanza, muuzaji aliniambia kwamba mtu mzima hununua bunduki ya mtu mzima. Nikatoka na bunduki ya .300 Winchester Magnum na darubini inayokuza mara 24. Nililipa fedha za miezi kadhaa ya akiba.

Nilikwenda kuijaribu mara moja tu. Baada ya risasi sita bega langu lilikuwa limevimba, na kwa kweli nilianza kuiogopa. Tangu hapo, kila nilipoweka kidole, macho yalifumba yenyewe na mkono ukashtuka kabla bunduki haijalia. Sikumwambia mtu, kwa sababu ya haya.

Siku ya kuwinda ilipofika, ayala jike alitokea katika miti iliyosongamana, yadi 40 tu mbele yangu. Niliitazama darubini, nami sikuona ila manyoya yaliyojaa kioo kizima, kwa sababu nilikuwa nimeiacha katika ukubwa wa juu. Nikafyatua kwa kubahatisha, na mkono ukashtuka kama kawaida yake. Risasi ilimpata nyuma, tumboni. Tulifuata damu yake mpaka giza likaingia. Kesho yake tukarudi, tukatafuta tangu asubuhi hadi adhuhuri, wala hatukumwona tena. Mnyama yule alikufa kwa maumivu mahali fulani, na nyama yake haikumfaa mtu. Mzee mmoja niliyekuwa naye hakunilaumu. Aliniambia tu, "Bunduki hii si yako." Niliiuza kwa hasara.

Mwaka uliofuata nilinunua bunduki ya kawaida ya .308 Winchester, nikaipiga mara nyingi kabla ya majira, na ayala wangu wa kwanza alianguka hatua chache tu kutoka mahali aliposimama.

RISASI IFAAYO

Basi kijana achague katika risasi za kadiri, ambazo zimekwisha kuthibitishwa kwa miaka mingi. .308 Winchester ilitokea mwaka wa 1952, nayo yatosha kabisa kwa ayala. .270 Winchester ni ya mwaka wa 1925, na .30-06 ni ya mwaka wa 1906. Hizi mbili hufaa pia, ingawa .30-06 hupiga teke zaidi kidogo. 6.5 Creedmoor, iliyotokea mwaka wa 2007, ina teke dogo na hupiga sawasawa, na wanaoanza wengi huipenda. Mtu mwembamba, au mwenye kuogopa teke, na achukue .243 Winchester ya mwaka wa 1955. Teke la .300 Magnum ni zaidi ya mara mbili ya teke la .243, na ayala hajui tofauti kati yake iwapo risasi imempata moyoni.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba risasi zake zipatikane katika kila duka la kijiji. Risasi ya ajabu ambayo huagizwa kutoka mbali huwa ghali, na mtu asiyekuwa na risasi hajifunzi. Tena anunue risasi za kuwindia, ambazo ncha yake hufunuka ndani ya mwili na kumwua mnyama upesi. Risasi za kijeshi zilizofunikwa kwa shaba nzima hupita tu na kumjeruhi, na sheria ya huko yazikataza kwa ayala.

BUNDUKI IMFAE MWENYEWE

Kama vile jembe lenye mpini mrefu mno huvunja mgongo, ndivyo na bunduki isiyomfaa mtu. Dukani kijana afumbe macho, aiweke bunduki begani kama atakavyolenga, kisha afumbue. Kama macho yake yako sawa na mahali pa darubini bila kuinua shingo wala kuibonyeza, kitako chamfaa. Kama yampasa kujinyoosha ili kidole kifikie kifyatulio, kitako ni kirefu mno.

Atazame uzito pia. Bunduki ya ratili 7 bila darubini ni nzuri. Iliyo nyepesi sana hupendeza kubeba mlimani, lakini teke lake huwa kubwa zaidi. Kifyatulio, ambacho askari hukiita triga, kiwe chepesi kiasi cha ratili 3 au 4, nacho kiachie ghafula bila kukwaruza. Kizuizi cha usalama kiwe mahali ambapo kidole gumba chakifikia kwa urahisi hata mkono ukiwa ndani ya glavu, kwa kuwa baridi ya huko si baridi ya Nyeri. Na kama kijana atumia mkono wa kushoto, asione haya kuuliza bunduki yenye bolti upande wa kushoto, kwani zipo.

DARUBINI

Watu wengi hudhani kwamba darubini yenye kukuza zaidi ndiyo bora. Sivyo. Katika misitu ya Pennsylvania ayala wengi hupigwa chini ya yadi 100, na mwindaji huwa na nafasi fupi sana ya kumwona. Darubini inayokuza mara 3 humwonyesha eneo lenye upana wa futi 30 hivi kwa umbali wa yadi 100. Ikikuza mara 9, upana huo wapungua kuwa futi 11 hivi. Ndiyo sababu mimi, katika ukubwa wa mara 24, niliona manyoya tu.

Basi anunue darubini iliyoandikwa 3-9x40. Maana yake ni kwamba hukuza kutoka mara 3 hadi mara 9, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 40, ambao waingiza mwanga wa kutosha alfajiri na magharibi, nyakati ambazo ayala hutembea. Alama yake ya ndani iwe msalaba wa kawaida, wenye mistari minene pembeni na myembamba katikati. Isiwe na nambari na vidoto vingi vya kumchanganya mtu. Kwa dola 200 au 250 atapata darubini imara isiyoingiza maji wala ukungu. Akiwa msituni aiache katika mara 3, na aiongeze tu ikiwa mnyama yu mbali na nafasi ipo.

Jicho liwe mbali na kioo kiasi cha inchi tatu na nusu. Wengi wamepasuliwa nyusi kwa kulikaribisha jicho mno, kisha bunduki ikarudi nyuma. Pete zinazoishika darubini nazo zisiwe za ovyo. Skrubu ikilegea, hata darubini ya dola 1,000 haina thamani, kwa sababu kila risasi itakwenda mahali pengine. Kama hajui kuifunga, amwombe fundi wa bunduki amfungie.

KUISAWAZISHA

Bunduki mpya yenye darubini mpya bado haijui inapiga wapi. Hapana budi isawazishwe kwenye uwanja wa shabaha, nao msitu si mahali pa kazi hiyo. Kijana avae vikinga masikio, aiweke bunduki juu ya mifuko ya mchanga, na aanze kwa yadi 25, ili risasi isikose karatasi nzima.

Darubini ina vifundo viwili vya kuzungusha, cha juu kwa kupandisha na kushusha, na cha ubavuni kwa kwenda kulia na kushoto. Katika darubini nyingi kila hatua moja, ambayo husikika kwa mlio mdogo, huisogeza risasi robo ya inchi kwa yadi 100. Kwa yadi 25 hatua hiyo ni robo ya robo, yaani sehemu moja ya inchi iliyogawanywa mara 16. Hivyo risasi ikianguka inchi 2 chini ya alama kwa yadi 25, yapasa kuzungusha hatua 32. Makarani wetu hawatashindwa na hesabu hii. Risasi zikifika kwenye alama, au nusu inchi chini yake, aende yadi 100. Hapo apige risasi tatu, atazame katikati yake, asahihishe, kisha apige tatu nyingine. Asisahihishe baada ya risasi moja, maana hiyo moja yaweza kuwa kosa la mkono. Tena auache mtutu upoe kila baada ya risasi chache.

Bunduki ya .308 iliyosawazishwa kwa yadi 100 itashuka kama inchi 4 ikifika yadi 200. Kwa mwenye kuanza, yadi 150 na iwe mpaka wake, na chini ya hapo ni bora.

Baada ya kusawazisha, aiache mifuko ya mchanga. Apige akiwa amekaa, akiwa amepiga goti, na akiwa ameegemea mti, kwa kuwa msituni hakuna meza. Nyumbani aweza kujizoeza bila risasi, baada ya kuitazama bunduki mara mbili kuwa ni tupu na kuweka risasi zote chumba kingine. Ajifunze kuvuta kifyatulio polepole bila kuyafumba macho. Zoezi hili halina gharama, nalo ndilo lililoniponya mimi.

MSITUNI

Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata ile aliyoitoa risasi mwenyewe sasa hivi. Mdomo wake usielekezwe kamwe kwa kitu asichotaka kukiua. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka darubini iwe juu ya mnyama. Tena ajue kilicho nyuma ya mnyama. Risasi ya .30-06 yaweza kuruka maili 3. Ayala aliyesimama juu ya kilima na mbingu nyuma yake asipigwe, kwa sababu ng'ambo ya kilima pana watu. Sheria ya Pennsylvania yakataza pia kuwinda ndani ya yadi 150 kutoka nyumba ya watu bila ruhusa yao, na kubeba bunduki yenye risasi ndani ya gari.

Mnyama apigwe akiwa amesimama ubavu, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka chini. Akikimbia, au kama ameonyesha matako tu, aachwe. Kumwacha ayala si aibu. Akipigwa akakimbia, mwindaji akumbuke mahali aliposimama, angoje nusu saa, kisha afuate damu bila kukata tamaa. Tena aulize habari za ugonjwa wa ayala ulioonekana katika jimbo hilo mwaka wa 2012, ambao huwakondesha hata wafe. Sehemu nyingine za jimbo zina masharti ya kutokuhamisha kichwa na uti wa mgongo, na nyama yaweza kupimwa kabla ya kuliwa.

HESABU YA MWISHO

Sasa, mzee wangu, tufanye hesabu ya fedha. Kwa makadirio yangu, bunduki ni dola 500, darubini dola 200, pete dola 40. Visanduku vitano vya risasi, kila kimoja chenye risasi 20, ni dola 175 hivi. Nguo ya rangi ya machungwa na vikinga masikio ni dola 60. Jumla ni dola 975. Katika zile 2,500 zimebaki dola 1,525, na wewe na mwanao mwajua kazi yake.

Angalia kwamba katika hesabu hii nimeweka risasi 100, na kijana pengine atapiga ayala mmoja tu. Hizo 99 ndizo shule yake. Mwandikie kwamba akitaka kupunguza gharama, apunguze bei ya bunduki, bali asipunguze risasi za kujizoeza. Tena mwambie asiilete bunduki hiyo Kenya ajapo kuwasalimu, kwa kuwa sheria yetu ya silaha haimruhusu mtu kuingia nayo bila kibali. Aiache huko imefungwa kabatini kwa kufuli, na funguo zisiwe mikononi mwa watoto.

Akifanya hivyo, siku atakapomwona ayala wake atakuwa na mkono usiotetemeka na macho yasiyofumba. Na kama siku hiyo hakupata nafasi ya kumpiga vema, na arudi nyumbani mikono mitupu. Wazee wa huko watamheshimu, na mwaka ujao watamwita tena.